Utaanza Lini?

Mtaa mzima ulimwita Dada Pasi kwa sababu alikuwa akinyoosha nguo kwa dobi wa pale kona, na kwa sababu watu wa mtaa wetu ni wavivu wa kuulizana majina. Mama yake alimwita Kitinda, maana ndiye aliyekuwa kitinda mimba wake. Mimi nilimwita jirani. Vyumba vyetu vilipakana ukuta, na ukuta wenyewe mwembamba, mtu akipiga chafya kwake mimi huku nasema afya. Mimi ni msusi. Nasukia barazani, na haya ninayoyaeleza sikusimuliwa na mtu.

Mama yule alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Sizungumzii kusahau kwetu sisi wote, kuweka funguo hapa ukazitafuta kule. Alisahau kwamba amekula. Alisahau kwamba mumewe alishafariki, na kila alipoambiwa upya alilia upya, mpaka tukaacha kumwambia. Ukimwacha peke yake alitoka akaenda, hajui aendako. Basi Dada Pasi akawa anakwenda naye kazini. Alimkalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya meza ya kupigia pasi, akampa rundo la vitambaa akunje. Mama alikunja, akakunjua, akakunja tena, huku anamchokoza bintiye.

"We binti, mbona unanyoosha kama umekosana na hilo shati?"

"Limenitukana, mama."

Wakicheka hivyo, hata dobi mwenyewe, mtu asiye na masihara, alikuwa anageuka upande ili asionekane anacheka.

Ikaja siku ya suti ya bwana harusi. Ilikuwa imenyooshwa, imetundikwa, inamsubiri mwenyewe. Dada Pasi alitoka nje kuchota maji, na aliporudi alimkuta mama ameiloweka suti yote kwenye beseni la sabuni, anaifikicha kwa bidii, tena anamlaumu yeye kwa kuacha nguo za watu zichelewe. Dobi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Dada, mimi nakuheshimu sana," alimwambia. "Ila mama asionekane hapa tena. Wateja wakinikimbia tutakula nini, mimi na wewe?"

Tangu siku hiyo Dada Pasi alianza kumfungia mama ndani, kufuli kwa nje. Alikwenda kazini akiwa amejikaza kisabuni, nami nikabaki barazani na kichwa cha mteja magotini, nikimsikia mama anagonga mlango.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Alikuwa ndani ya chumba chake mwenyewe anapiga hodi. Alidhani yuko nje, na sisi ndio tumemfungia mlango. Nilimwitikia, "Karibu, mama!" Akanijibu kwa adabu zake zote, "Ahsante, nimekaribia, ila mlango haufunguki." Nimesuka vichwa vingi nikiwa nalia mwaka ule.

Mtauliza kama hakuwa na ndugu. Alikuwa na kaka, mkubwa wake, ana kazi ya ofisini na nyumba yenye geti. Dada Pasi alimwendea. Wifi yake akasema nyumba ina ngazi, mama ataanguka. Kaka mtu akasema ataangalia. Anaangalia mpaka leo, na macho hayamuumi.

Sasa, kulikuwa na mteja aliyekuwa akileta mashuka kwa dobi. Mama yake alikuwa mgonjwa wa kitandani, na aliishi naye mji mwingine, safari ya nusu siku. Kazi zake zilimleta huku kila wiki, akawa anakuja na mashuka hayo kwenye gari. Alikuwa amewaona Dada Pasi na mama yake wakati wa vitambaa na vicheko. Siku moja mchana akatokea barazani kwangu, nimemshika Dada Pasi nywele, nusu zimesukwa na nusu zimesimama.

"Nimeuliza kwa dobi, wakanielekeza," alisema. "Nilikuona unavyokaa na mama yako. Mimi wangu sijawahi kuzungumza naye hivyo. Nataka uje umtunze."

Akamtajia mshahara. Mkono wangu ulisimama na kitana. Akasema atapata chumba chake, kitanda chake, chakula cha nyumbani, na Jumapili ya mwisho wa mwezi atarudi kusalimia.

"Na mama yangu?" Dada Pasi aliuliza.

"Wazee wawili nyumba moja siwezi, dada yangu. Uje peke yako." Akafuta jasho. "Unaweza kuanza lini?"

Mimi mdomo wangu hauna mlango. Nikamwambia, "Kaka, yaani umependa anavyomlea mama yake, ndiyo maana unataka amwache?"

Nilitaka akasirike nipate kumfukuza vizuri. Hakukasirika. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. "Nina shida kama yake," alisema. "Gari litapita hapa Ijumaa asubuhi. Akiwa tayari, apande. Asipokuwa tayari, nitatafuta mwingine."

Alipoondoka nilirudi kwenye ile nusu iliyosimama. Dada Pasi ndiye aliyeanza. Akaniuliza kama naweza kukaa na mama, naye anilipe kutoka kwenye mshahara huo. Nikakubali. Nilimpenda mama, na kazi nayo nilikuwa naitaka, maana siku hizi wanawake wananunua nywele dukani wanazivaa kama kofia. Tukapatana Alhamisi iwe siku ya kujaribu. Yeye aende kwa dobi kama kawaida, mama ashinde kwangu, mlango wazi.

"Akiniita hata mara moja, siendi," aliniambia. "Nakuapia, jirani. Akiniita tu, siendi." Halafu akanishika mkono, vidole vyake vigumu kwa moto wa pasi. "Mungu anisamehe, naomba alie."

Mama hakulia. Nilimweka kando yangu, nikampa vitana avipange, akavipanga. Alikunywa chai akamaliza mkate. Kitu kimoja tu, alikuwa ananiita Kitinda. Mwanzoni nilimsahihisha, "Mimi si Kitinda, mama, mimi jirani." Akainuka, akaanza kuangaza huku na huku, midomo inamtetemeka. Sikuweza. Alipoita tena, "Kitinda!" nikaitika, "Abee, mama!" Akatulia, akaketi.

"Mbona umenenepa hivyo?" akaniuliza.

Dada Pasi alirudi jua likiwa bado lipo, anahema, ananukia wanga wa mashati. Akasimama pale mlangoni. "Hodi. Shikamoo, mama."

Mama alimtazama akajiweka sawa, kama tunavyojiweka mbele ya mgeni. "Marahaba, binti. Karibu. Umemfuata nani?"

Nilifungua mdomo. Dada Pasi akaninyamazisha kwa kiganja.

"Unatafuta kazi?" mama akamuuliza, halafu akashusha sauti na kunionyesha mimi kwa kidevu. "Huyu mwanangu amechoka. Haniambii, lakini namwona. Ujana wake wote ameumalizia kwangu. Nataka nimpatie mtu wa kumsaidia. Mimi si msumbufu, muulize yeyote. Utaanza lini?"

Dada Pasi alikaa chini sakafuni, miguuni pa mama.

"Leo, mama," alisema. "Naweza kuanza leo."

"Mshahara mtaelewana na yeye. Ni mtoto mzuri, hawezi kukudhulumu."

Akaanza kazi. Alimwosha miguu, akambadilisha nguo, akamchana nywele. Mama alitulia tuli. "Una mikono mizuri," alimwambia. "Umejifunzia wapi?"

"Kwa mama yangu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi mwambie namshukuru."

Alipomlaza, tulitoka barazani. Akaniuliza, "Aliniita?"

Ningeweza kudanganya. "Alikuita kutwa nzima," nilisema.

"Nani akaitika?"

"Mimi."

Alitikisa kichwa taratibu. Nikamshambulia kwa maneno. Nikamwambia asiende, nikamwambia kesho nakwenda mwenyewe kwa kaka yake kumvunjia heshima pale pale getini mkewe akisikia, nikamwambia yule bwana wa mashuka amwoshe mama yake kwa mikono yake, anayo miwili. Aliniacha nikaishiwa pumzi.

"Nikibaki, sina cha kukulipa, na kesho nafunga kufuli tena," alisema. "Nikienda, mlango unabaki wazi. Wewe ungechagua lipi?"

Nikaanza kukusanya vitana vyangu.

Ijumaa gari lilikuja mapema. Mama alikuwa tayari kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni kwangu. Dada Pasi alipiga magoti mbele yake, akamfunga kilemba vizuri, akakifungua, akakifunga tena. Dereva akapiga honi.

"Naenda, mama."

"Umeshamaliza? Haya, umefanya kazi nzuri." Mama alimpigapiga begani. "Kesho usichelewe."

"Sitachelewa, mama."

Alipanda gari bila kugeuka. Mama akanigeukia mimi. "Kitinda, huyu binti tumchukue. Usihangaike kutafuta mwingine."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Nilijua atasahau. Mama huyu anasahau kama amekula, sahani ikiwa bado iko mapajani, nikajipa moyo kwamba mpaka kesho hili nalo litakuwa limekwenda na mengine. Jumamosi alfajiri nilipoamka mkekani, kando ya kitanda chake, nilimkuta ameshaamka mwenyewe, amejifunga kilemba upande, amekaa kitandani na miguu imening'inia, tayari kuoshwa.

"Kitinda," aliniambia, "yule binti mbona amechelewa?"