Bati la Kupeleka Kisiwani

Binti yangu aliniuliza juzi: ukitupwa kwenye kisiwa kisicho na watu, na uruhusiwe wimbo mmoja na kitu kimoja tu, utabeba nini? Nikamwambia hilo ni swali la watu walioshiba. Lakini limenikwama.

Tulipoishi Kibera, kule Soweto West, sikuwa na redio. Nilikuwa na jirani, mama mmoja muuza dagaa wa omena, na kati yetu palikuwa na ukuta wa bati tu. Jioni akianza kukaanga, alifungulia muziki wa benga redioni. Kulikuwa na wimbo mmoja ulionikolea; ukianza, niligonga bati kwa mwiko. Alijua maana yake: ongeza sauti, mama. Aliongeza, kisha akaimba juu yake, vibaya kabisa, mpaka nacheka peke yangu.

Nikahamia Kawangware, ghorofa ya mawe pale Gatina. Jioni moja nikasikia wimbo uleule kwa mbali, ukipenya ukutani. Nikashika mwiko, nikagonga kwa nguvu zote.

Muziki ukakatika. Mara msichana wa nyumba ya pili akaja mlangoni, ameinamisha kichwa. "Pole sana, mathe. Sikujua nakusumbua."

Nikarudisha mwiko jikoni bila kumweleza. Tangu siku hiyo msichana yule husikiliza kwa vile vidude vya masikioni.

Basi nimemjibu binti yangu: wimbo ni ule, na kitu ni lile bati.

Akacheka. "Lakini mum, huko kisiwani hakutakuwa na mtu upande wa pili."

Nikamwambia, hata hapa hayuko.