Jino la Shemeji

Fundi cherehani anayetoa nguo siku aliyoahidi ni mgonjwa. Mpelekeni hospitali, mtanishukuru baadaye.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ndiyo kazi yake hiyo, na mtaa mzima unamwita Fundi Kesho. Ukifuata suruali yako anakwambia imebaki vifungo tu, njoo kesho, na kitambaa bado kimo kwenye mfuko uleule ulioleta. Bibi harusi mmoja alikunjiwa upindo gauni likiwa mwilini, gari likipiga honi nje.

Basi ghafla nguo zikaanza kutoka kwa wakati. Tena zimepigwa pasi! Wateja wakasifu: fundi kaacha uongo, fundi kaokoka. Dada peke yake ndiye aliyejua kwamba mumewe hali, halali, anashona usiku kucha kwa sababu akijilaza machozi yanamtoka na hajui analia nini. Alipoomba ushauri, jirani akasema karogwa. Mama akasema minyoo. Kwa mama yangu kila kitu ni minyoo.

Nesi wa zahanati ndiye aliyesema la maana: aende hospitali, chumba cha afya ya akili. Shemeji akaruka kama kaunguzwa na pasi.

"Mimi nina akili zangu timamu! Nikionekana mlango ule, nani ataniachia nimpime kiuno nikiwa na mkasi mkononi?"

Hapo hakuwa mjinga. Mtaa wetu una huruma, lakini mgonjwa wa akili unamhurumia kutoka ng'ambo ya barabara. Wateja wakikimbia, watoto watakula nini?

Bahati nzuri chumba hicho kimepakana na cha meno. Dada akamfunga shemeji kitambaa shavuni, akanikabidhi nimsindikize: akae foleni ya meno, watu wakipungua achepuke. Kumbe kwenye foleni yupo mwalimu mkuu mstaafu, mteja wake, mama mwenye sauti ya paredi.

"Maskini fundi! Jino halina adabu. Pita, chukua zamu yangu!"

Nani anambishia mwalimu mkuu? Akasukumwa ndani, mlango ukafungwa.

"Lipi linauma?" nikamsikia daktari. "Mbona yote mazima?" Halafu shemeji akaangua kilio, kilio cha mtoto aliyepotea sokoni, na daktari hata hajamgusa. Foleni ikasimama yote. Mmoja akasema lake limepoa lenyewe. Mwingine akaondoka akiacha mwavuli. Huko ndani, daktari akamshika mkono, akampitisha mlango wa kati hadi chumba cha pili.

Akawa anarudi huko kila wiki kwa vidonge na mazungumzo, na mtaani tukisema ni jino. Jino gani hilo, lenye mizizi hadi magotini! Taratibu usingizi ukarudi, na hamu ya kula. Siku mteja alipofoka dukani kwamba sketi yake haijakatwa hata, dada alikumbatia cherehani kwa furaha.

Kisha mwalimu akaja kupimwa gauni. Mimi nilikuwa pale nikishona vifungo. Akainamisha kichwa, akanong'ona. Sikujua kama anaweza.

"Fundi, lile jino lako, lilikuwa linakuamsha alfajiri ukajiona huna faida kwa mtu yeyote?"

Tepu ikasimama begani kwake. Shemeji angejibu ndiyo tu, na siri ingebaki salama. Akawatazama wateja wawili waliokaa kwenye benchi.

"Mwalimu, sikuwa na jino. Ni akili ndiyo iliyokuwa inaumwa. Nilikuwa nataka kufa."

Mkasi ulikuwa mezani mbele ya macho ya wote.

"Hata mimi sikuwa na jino," mwalimu akasema, sauti ikimkatika. "Yangu yote ya bandia. Nilikupa zamu kwa sababu niliogopa kuchepukia mlango wa pili."

Shemeji akaweka tepu mezani, akamshika mkono, wakashika njia ya hospitali mchana kweupe.

"Wanaenda wapi?" mteja mmoja akasimama, akaniuliza.

Nikamwambia: hospitali, chumba cha afya ya akili. Akautazama ule mkasi, akautazama mlango. Kisha akakaa tena kwenye benchi, akasema atamsubiri fundi arudi ampime.