Jiko la Gereji

Baridi imeingia tena, na Vukosava amechoka kumtazama jirani yake akichagua jiko la kupasha moto karakana yake ya gerejini. Kila jiko hulipiga konzi kama anayenunua tikiti maji, kisha hupiga funda la rakija, pombe kali ya matunda, kujipasha moto. La gesi litalipuka. La umeme litamkausha mapafu. La kuni ni zuri, ila linataka tundu la bomba ukutani.

"Na upepo wa tundu, jirani, ndio unaoua figo!"

"Za mvivu hata bunduki haiziui," Vukosava humjibu.

Randa imeota kutu. Mbao za kitanda ambacho jirani alimwahidi mjukuu wake tangu akiwa tumboni zimepinda. Jana mjukuu huyo alikuja kwa miguu yake mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Babu, unatengeneza nini?"

"Funga mlango!" akafoka. "Upepo!"