Barua Niliyoifungia Kabatini

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo huacha ninachofanya nikakaa chini. Ilikuwa Jumanne asubuhi, Oktoba inakwisha, joto la Dodoma limeshaanza kupasua midomo, nami natoka posta na bahasha ya kaki mkononi. Juu yake palikuwa na muhuri wa makao makuu ya shirika letu, Dar es Salaam. Niliifungulia njiani, nikiwa nimesimama kwenye kivuli cha ukuta wa duka la Mhindi mmoja, maana nilikuwa na kiherehere cha ujana. Nilipomaliza kuisoma niliikunja, nikaisoma tena, kisha nikaendelea na safari yangu kama mtu aliyetumwa chumvi.

Ngoja nikueleze kwanza tulikuwa kina nani.

Tulikuwa watu kumi na tisa katika karakana moja karibu na reli. Tulitengeneza vitu vya kuchezea, si vya watoto peke yao, vya watu wazima pia. Mabao ya mninga, drafti zenye kete za kukerezwa, na masanduku madogo yenye vipande vya mbao ambavyo mtu alivinunua akaenda kuviunganisha kwa gundi nyumbani kwake, siku yake ya mapumziko, mpaka vikawa garimoshi kamili lenye mabehewa. Ninyi mnaocheza kwenye simu mnaweza kucheka. Lakini nimeona walimu, makarani wa serikali na wafanyakazi wa reli, watu wazima wenye vitambi, wakibishana mlangoni kwetu juu ya behewa lililobaki moja. Hatukuwa tunajitegemea. Tulikuwa tawi dogo la shirika la umma lililokuwa na viwanda vingine vikubwa huko pwani, nalo ndilo lililotuletea vanishi, gundi, na barua za kututawala.

Mimi nilikuwa karani wa ofisi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Mpwapwa, najua kupiga chapa na najua kuvaa. Mwezi mmoja kabla ya barua ile, meneja wetu aliitwa Dar es Salaam, akaniachia funguo na karatasi yenye neno moja lililonilevya: kaimu. Kaimu meneja, Perisi mimi, binti wa mchunga mbuzi! Niliweka kiti changu upande wa pili wa meza siku hiyohiyo.

Sasa hiyo barua. Ilisema kwamba shirika limefilisika na limekabidhiwa kwa mfilisi. Ilisema hatima ya tawi la Dodoma haijaamuliwa: huenda litauzwa likiwa zima, huenda litauzwa vipandevipande, huenda litafungwa. Na mstari wa mwisho ulisema wafanyakazi wote wajulishwe mara moja.

Mara moja, mwanangu. Niliusoma mstari huo vizuri kabisa. Kisha nikaifungia barua kwenye kabati la chuma na kurudisha ufunguo kwenye mkoba wangu.

Umeniuliza kwa nini, nimeyaona macho yako. Nimejiuliza mimi mwenyewe miaka mingi. Nilijiambia nawahurumia, sitaki kuwatia hofu bure, huenda mambo yakanyooka. Hiyo ni sababu ninayoweza kuitaja mbele ya watu. Sababu nyingine ni kwamba siku ambayo ningeisoma barua ile kwa sauti, ningekuwa karani tena. Hata karani nisingekuwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa vitu ghafla: midoli ya plastiki, ludo za karatasi, karata zinazong'aa, vyote vya bei ya kutupa. Mashirika yalikuwa yanauzwa kulia na kushoto, na neno mwekezaji lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Kwa hiyo wiki mbili baadaye, alipokuja bwana mmoja na gari jeupe, akazunguka karakana, akapapasa mashine zetu za kukereza, akasema, "Mashine nzuri hizi," akaondoka bila hata kuacha jina, mimi nilipata hadithi yangu. Niliwakusanya watu uani.

"Mmemwona yule bwana," niliwaambia. "Huyo ni mwekezaji. Mambo yanakwenda vizuri. Tuchape kazi."

Walipiga makofi. Nami nikajisikia mrefu.

Mtu mmoja hakupiga makofi, Yona, aliyekuwa anapiga msasa na vanishi. Mgogo mwembamba, mpole, mtu wa Mvumi, mwenye mke na watoto watatu huko nyumbani. Kila mwaka, mawingu yakianza kujikusanya, Yona aliomba likizo akaenda kulima uwele na mtama na mkewe, akarudi baada ya palizi. Wengi wetu walifanya hivyo. Mshahara ulikuwa wa sabuni na ada. Chakula kilitoka shambani.

Alinyoosha mkono. "Dada Perisi, mimi nilitaka kuuliza habari ya likizo. Mke wangu ni mjamzito mwaka huu, hawezi kuberega, kusafisha shamba kabla ya mvua, peke yake. Mvua zikianguka nisipokuwepo, hatupandi."

Nikafikiri upesi. Kama watu wangetawanyika, mfilisi angekuta karakana tupu, na mimi kaimu wa kuta. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka yote: "Yona, mwekezaji akija akakuta nafasi yako wazi, unafikiri atakusubiri? Anayeondoka sasa asije akanilaumu."

Yona akashusha mkono. "Basi nitabaki, dada. Wewe ndiye unayejua."

Wewe ndiye unayejua. Aliamini hivyo kweli.

Wakabaki wote. Mvua ya kwanza ilinyesha katikati ya Desemba, ile mvua kubwa ya mara moja inayoamsha harufu ya ardhi. Niliwaona wamesimama mlangoni wanaitazama, mikono nyuma. Kila mmoja alikuwa anaona shamba lake. Nilikwenda ofisini nikafunga dirisha.

Fundi wetu mkuu alikuwa Mzee Idi, Mrangi wa Kondoa, mtu wa swala tano na maneno machache, aliyekuwa anakereza kete mia bila kupima na zote zikawa sawa. Mwezi wa kwanza ukiwa umeshaingia, dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam alimwambia kwamba geti la makao makuu lina mnyororo na walinzi wageni. Mzee Idi aliweka patasi yake mezani, akaja ofisini, akafunga mlango nyuma yake. Hakukaa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Binti yangu, kuna barua?"

Ningeweza kusema hakuna. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini alikuwa ananitazama kwa upole, kama ninavyokutazama wewe sasa, na mkono wangu wenyewe ukaenda kwenye kabati. Akaisoma polepole, akirudia tarehe. Kisha akaiweka mbele yangu akaigonga kwa kidole.

"Hii barua si yako. Umeandikiwa wewe, lakini si yako. Hii ni ya watu kumi na tisa na watoto wao."

"Nilitaka kuwalinda, mzee. Sikujua itakuwaje."

"Ungewaambia hivyo hivyo kwamba hujui. Mtu mzima akiambiwa haijulikani, anajua la kufanya. Anaweka mguu mmoja huku na mmoja huku. Wewe umewaambia unajua." Akaisukuma barua kwangu. "Miezi miwili, Perisi. Umewakalia watu mvua yao."

Nililia. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Futa machozi, toka nje ukaisome. Nitasimama karibu nawe."

Nilisoma uani, saa nne asubuhi. Nilipofika kwenye tarehe nilitaka kuiruka, na Mzee Idi akakohoa. Nikaitaja. Nilidhani watanitukana. Yona alikwenda kwenye meza yake, akafunika kopo la vanishi vizuri lisikauke, akavaa shati lake, akatoka kwa miguu kuelekea stendi. Waliobaki wakamfuata mmoja mmoja.

Yona alipanda shamba lake, lakini alikuwa amechelewa mno. Wewe umezaliwa huku, unajua jua la Februari linavyoweza kukatiza mvua. Uwele wake ulifika magotini ukageuka rangi ya majani makavu. Majirani zake waliopanda Desemba walipata kidogo, kidogo cha kuwavusha. Yeye alipata mabua.

Mwezi wa tatu mfilisi alikuja mwenyewe, mtu wa kawaida tu mwenye miwani, akaorodhesha mashine na viti. Yule bwana wa gari jeupe hatukumwona tena, na sijui alikuwa nani hata leo. Mashine za kukereza zilipakiwa kwenye lori kama mahindi. Masanduku ya magarimoshi ambayo hayakuuzwa yaliachwa uani, yakanyeshewa, gundi ikaachia, watu wakayachukua kuwashia moto. Nilikabidhi funguo. Hakuna aliyeniita kaimu siku hiyo, na wala sikulikumbuka neno lenyewe.

Ningependa kukwambia yaliishia hapo.

Mke wa Yona alijifungua mtoto wa kike mwezi wa nne. Mama mwenye njaa hana maziwa, hilo halihitaji daktari kulieleza. Nyumba nzima walikuwa wakila mlo mmoja, mlenda bila ugali siku nyingine, na Yona akizunguka mjini kutafuta kibarua pamoja na wanaume mia wa mashirika mengine yaliyofungwa. Mtoto hakufikisha miezi mitatu. Mzee Idi ndiye aliyeniletea habari, akaniambia, "Tutakwenda wote."

Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu niliona haya mbele yake kukataa. Tulifika Mvumi mchana, wanaume wameshatoka kuzika, wamekaa nje kwenye magogo. Yona aliinuka akatupokea, akanitafutia mahali pa kukaa, akaniuliza habari za Mpwapwa. Alikuwa amekonda mpaka shati limekuwa la mtu mwingine. Nilimshika mkono nikamwambia, "Yona, nisamehe. Ni mimi."

Alikaa kwenye gogo karibu nami.

"Dada Perisi, mimi sina ugomvi na wewe. Kazi ingekwisha tu, hilo si lako. Lakini ungesema. Ungesema tu, mimi ningekwenda kulima."

Kisha akaenda kupokea wageni wengine. Ndani nilimsikia mkewe akilia, kilio cha chini cha mtu aliyechoka, na sikuwa na ujasiri wa kuingia. Mpaka leo sijaingia. Yule mama tumewahi kukutana sokoni mara mbili tatu. Hunisalimu vizuri, hupita. Kuhusu msamaha wake sijui, na sina haki ya kumuuliza.

Yona alikwenda machimboni mwaka uliofuata, akaandika barua mbili nyumbani, halafu barua zikakoma. Mzee Idi alirudi Kondoa, akachonga mabao kwa mikono mpaka macho yalipomkataa. Mimi nilipata kazi nyingine baada ya miaka, nikapanda cheo, hata nikaja kuwa mkuu wa watu wengi kuliko wale. Watu walinisifu kwamba sifichi neno. Hawakujua nilifundishwa na kaburi la mtoto asiyefikisha miezi mitatu.

Basi, mwanangu, nimekwambia haya kwa sababu nasikia umepewa kiti kazini kwenu, na nasikia pia kampuni iliyo juu yenu inayumba. Sina elimu ya biashara za siku hizi. Nina hili tu. Ukipata habari inayogusa maisha ya watu, wape siku hiyohiyo, hata kama ni mbaya, hata kama ni nusu, hata kama itakuondolea kiti. Usiwapange watu kwa matumaini uliyoyatunga. Usipojua, sema sijui, wala usione aibu, kwa maana mtu anayeambiwa ukweli mapema bado ana miguu ya kukimbilia mahali. Ukimwambia ukiwa umeshachelewa, umempa maneno tu. Na kila ukijisikia unaficha jambo kwa huruma, kaa peke yako ujiulize ni nani hasa unayemhurumia. Mimi ningejiuliza hivyo pale kwenye kivuli cha duka, nadhani ningepata jibu.

Usiniambie mambo yenu ni tofauti. Huenda ni tofauti. Kesho asubuhi waite watu wako uwaambie unachokijua.

Mungu akupe kinywa chepesi penye neno zito. Akupe watu wa kukuamini, na akupe hofu ya kuwachezea. Wale walio chini yako walale wakijua ukweli, na watoto wao washibe. Nenda, mwanangu, na amani ya wazee wako iende nawe.