Magazeti Ndani ya Gari la Tofu

Kanji Shiozawa alinunua gari lake la kwanza la mizigo kutoka kwa muuza tofu, ile jibini laini ya soya, aliyestaafu, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kujali urembo, hakuyafuta maandishi ya ubavuni. Gari likawa linapita kwenye barabara za mashambani za Tochigi, Japani, likitangaza TOFU MBICHI KILA SIKU, na ndani yake hamna hata kipande kimoja cha tofu. Humo mlikuwa na magazeti ya wakubwa, yale ya picha za wanawake wasio na nguo, yamefungwa mafungu mafungu kwa kamba na kufunikwa turubai.

Kwa ufundi, Kanji alikuwa mtu wa mashine za kuuzia soda, zile unazotumbukiza sarafu chupa ikaporomoka. Mwaka 1978 kampuni yake ilifungwa. Mzee mmoja wa Utsunomiya aliyekuwa na mashine za magazeti akamchukua azitengeneze, na mgongo ulipomshinda mzee huyo, Kanji akazirithi zote. Zilikaa kwenye vibanda vya mabati katikati ya mashamba ya mpunga, mbali na nyumba za watu. Mwanamume alifika na baiskeli au gari, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatumbukiza sarafu zake, akabonyeza kitufe, akatokomea. Hapakuwa na muuzaji wa kumkodolea macho.

Kanji mwenyewe alikuwa na haya kuwashinda wateja wake. Alipojaza mashine aliyashika magazeti kifudifudi. Kilichompendeza kilikuwa mashine: springi inayojikunjua bila kukwama, sarafu inayoteremka na kugonga pale inapotakiwa kugonga. Aliweza kupiga magoti nusu siku mbele ya mashine iliyokwama, akiibembeleza kama mtu anayemlisha mtoto mgonjwa.

Shida yake ilikuwa Bibi Kiyo.

Bibi Kiyo alikuwa mjane aliyeishi kwenye kona ya barabara, na siku ya kwanza alipoliona lile gari alijitupa katikati ya njia, mikono juu.

"Wee kijana! Simama! Nipe vipande viwili, vile laini."

Kanji akafunga breki. "Zimekwisha, bibi."

"Zimekwisha? Hata chai sijanywa!"

"Zimekwisha zote, bibi yangu. Samahani."

Wiki iliyofuata zilikuwa zimekwisha tena. Wiki ya tatu bibi alilishika dirisha la gari, akamsogezea uso.

"Niambie ukweli, mwanangu. Unazila mwenyewe njiani? Au mimi nanuka?"

Kanji angefanya nini? Amwambie bibi wa watu alichobeba? Alhamisi iliyofuata alipitia sokoni mjini, akanunua tofu mbili, akaziweka kwenye ndoo yenye maji na kifuniko, akaibana ndoo kwa miguu asije akamwaga. Bibi akaonja papo hapo kwa kidole. Akasema ni ya majimaji, yule muuzaji wa zamani alijua kazi. Basi Kanji akatafuta mtengenezaji mwingine, na mwingine tena, mpaka bibi akanyamaza, na kwa Bibi Kiyo kunyamaza kulikuwa sifa kubwa. Ikawa desturi. Kila Alhamisi tofu mbili, kikombe cha chai, achari ya figili, na habari za binti yake Fusae, mpishi wa shule ya chekechea, ambaye alikuwa amekataa wachumba watatu kwa sababu, kwa maneno ya mama yake, "mmoja anakoroma, mmoja ana mama mbaya, na wa tatu hata sababu hajaniambia."

Fusae mwenyewe Kanji hakuwahi kumwona. Saa za tofu zilikuwa saa za kazi.

Walikutana majira ya machipuo. Kibanda kimoja cha Kanji kilikuwa kwenye barabara inayoelekea shule ya msingi. Mzee wa Utsunomiya ndiye aliyekiweka pale, na Kanji hakuwahi kuwaza, kwa sababu alifika wakati watoto wako darasani. Lakini watoto walikuwa wakipita asubuhi na jioni, na wengine walikuwa wameanza kuchungulia. Akina mama wakakasirika. Siku hiyo Kanji alikata kona akakuta barabara imejaa wanawake wenye vitambaa vyeupe kichwani na mabango mikononi. Kioo cha mashine kilikuwa na utando unaokifanya mchana king'ae kama kioo cha kujitazamia, na mama mmoja alikuwa amesimama mbele yake akijifunga upya kitambaa.

Walipoliona gari wakasogea. "Mpisheni! Muuza tofu apite!"

Angeweza kupita. Aliliwaza hilo maisha yake yote: mguu wake ulikuwa tayari juu ya pedali ya mafuta. Lakini mwanamke mmoja alikuja dirishani na pochi mkononi, mrefu, kidevu kile kile cha Bibi Kiyo.

"Kaka wa tofu, salamu za mama. Anasema za juzi zilikuwa nzuri. Leo nipe na mimi."

Kanji akazima gari. Akashuka, akavua kofia.

"Dada, ninazo mbili tu, na ni za mama yako. Hivi vingine..." Akaenda nyuma, akavuta turubai.

Akina mama wakachungulia. Kisha bango moja likamshukia kichwani.

"Ina maana," Fusae alisema polepole, "mama yangu amekula tofu iliyopanda gari moja na hawa?"

"Haikuwa pamoja nao, dada. Inakaa mbele, kwenye ndoo. Ina kifuniko."

Mwanamke mmoja huko nyuma alishindwa kujizuia akaangua kicheko, na wengine wakamfuata, na hasira ikabidi itafute pa kushika upya. Fusae hakucheka.

"Unaiondoa lini hii?"

"Sikujua ni njia ya watoto. Naiondoa sasa hivi."

Alitoa zana zake akaanza kufungua nati. Ila mashine ilikuwa na uzito wa ng'ombe, na mtu mmoja asingeweza hata kuitikisa. Wanawake wakatazamana. Mwisho wakaweka mabango chini, wakakunja mikono ya nguo zao, na akina mama wale waliokuja kuilaani ile mashine ndio walioibeba, wakihimizana "moja, mbili, inua!" mpaka ikaingia garini.

Jioni ile Bibi Kiyo alipigiwa kelele na binti yake muda mrefu. Alisikiliza yote, akasema, "Anauza anachouza. Lakini mtu aliyemnunulia mamako tofu miaka miwili kwa sababu anaona haya kumkatalia, wewe unataka wa namna gani tena?"

Kamati ya akina mama ilimteua Fusae akague vibanda vilivyobaki. Kila Jumapili alikaa kwenye gari la tofu, mikono kifuani, akielekeza: hiki kiko karibu na kituo cha basi, kiondoe, hiki sawa. Baada ya miezi michache kamati ilisahau jambo lenyewe. Fusae aliendelea kukagua. Walioana mwaka 1982, kwa masharti mawili: gazeti hata moja lisivuke kizingiti, na mikono ioshwe kwa sabuni uani kabla ya kugusa chakula. Kanji aliyashika yote mawili. Binti yao Chizuru alikua akijua kwamba babake ni fundi wa mashine, na huo haukuwa uongo.

Fusae hakuwahi kuyapenda yale magazeti. "Kila mmoja wa hawa wasichana ana mama yake," alimwambia siku moja wakiwa garini.

Miaka ya mavuno ilikuwapo. Vijana walikuja kwa makundi wakisukumana, kila mmoja akimtuma mwenzake. Kisha zikaja kanda za video, biashara ikatetereka, ikasimama tena. Kisha ikaja intaneti, na baada yake simu za kubeba mfukoni, na hapo haikusimama tena. Vijana ndio waliotoweka kwanza. Alama za baiskeli mbele ya vibanda zikafutika, majani yakaota. Kwenye kibanda kimoja mbayuwayu walijenga kiota juu ya mashine, na Kanji alipiga hodi kwa mwezi mzima akiingia taratibu mpaka makinda yakaruka. Hakuna mteja aliyelalamika, maana hakukuwa na mteja.

Alipopiga simu kwa wauzaji wa jumla wa Tokyo kuagiza, sauti ya upande wa pili ilizidi kuwa ya kizee. "Bwana Shiozawa, lile la kila mwezi limekufa. Lile jingine sasa ni mara nne kwa mwaka. Chukua haya yaliyobaki ghalani, nitakupunguzia." Hata maduka ya mjini yaliyokuwa wazi usiku kucha yaliyaondoa magazeti hayo rafuni, yakaweka vitafunwa. Kanji akawa anafungua nati za mashine zake, moja baada ya nyingine, na kuzipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kila mara alitoa kwanza kile kisanduku cha sarafu, akakipangusa, ndipo akaiachia.

Ikabaki moja, kando ya mfereji wa maji. Kanji alikuwa na ukungu kwenye macho, kwa hiyo Fusae ndiye aliyeendesha, mwanamke wa miaka sitini na kitu, bado mikono yake ikitaka kujikunja kifuani. Mashine ile ilikuwa na mteja mmoja. Kila walipofika gazeti moja lilikuwa limekwenda, si zaidi. Na kibanda kilikuwa kimefagiwa. Wakati wa theluji, njia ilikuwa imesafishwa.

"Nani huyu?" Fusae aliuliza.

"Usimtafute," Kanji alisema. "Ndiyo maana anakuja hapa."

Tokyo waliposema safari hii hakuna tena, si ghalani wala popote, walikwenda kuing'oa. Wakamkuta mzee wa buti za mpira anafagia. Alipoliona gari alikauka, ufagio hewani.

"Nilikuwa napita tu," alisema.

"Na ufagio?" Fusae akamuuliza.

Mzee akautazama ufagio kama mtu aliyewekewa mkononi bila habari yake. Kisha akacheka, na Kanji naye akacheka kwa aibu mpaka miwani ikapata ukungu. Aliitwa Nemoto, mkulima wa vitunguu. Mkewe alikuwa amefariki miaka kumi nyuma.

"Nyumbani giza linaingia mapema," alisema akiangalia chini. "Hapa taa ya mashine inawaka. Gazeti... gazeti nanunua ili taa isije ikaondolewa. Mwanzoni nilikuwa naliangalia, sitakudanganya, mama."

"Sijakuuliza, mzee wangu," Fusae akajibu. "Shika upande ule, tupakie."

Waliipakia wakiwa watatu, wakipumzika kila hatua. Nemoto aliwapa mfuko wa vitunguu.

Majuma yaliyofuata Kanji alikaa uani akitengeneza vitu visivyoharibika. Alifungua pasi nzima, akaifunga. Fusae alimwacha, halafu akachoka, akamwambia, "Baba Chizuru, redio hiyo ukiigusa nitakufungua wewe nati." Siku ya tatu baada ya hapo Nemoto alitokea mlangoni, na simu mpya kwenye mfuko wa plastiki. Mwanawe alikuwa amemtumia kutoka Osaka.

"Wewe si fundi?" alimwambia Kanji.

Kanji aliigeuza simu huku na huku akitafuta nati. Hakuna. Vichwa viwili vyeupe vikainama mezani mpaka Fusae akawapokonya.

"Mnataka nini humu?"

Wazee wakatazamana kama wavulana.

"Hali ya hewa," alisema Nemoto.

"Hali ya hewa," Kanji akaunga mkono haraka.

Fusae aliwafungulia hali ya hewa. Kesho yake ilikuwa mvua, na Nemoto alikuwa ameanika vitunguu nje, kwa hiyo walipanda gari wote watatu wakaenda kuviingiza ndani. Walimaliza wametapakaa udongo. Nemoto akachemsha supu, na kwa kuwa Kanji alifuata sufuria moja kwa moja, Fusae alimshika ukosi wa shati, akamgeuza, akamwonyesha bomba lilipo.