Spika la Kinyozi Lililolaza Mtaa

Naapa kwa meno yangu sita yaliyobaki, haya ni kweli tupu. Nimeona wanaume tisa wamelala fofofo kwenye benchi la kinyozi, saa tano asubuhi, midomo wazi.

Na aliyewalaza ni mimi.

Kisa ni masharubu.

Niliyatunza miaka thelathini na moja. Wiki moja kabla ya harusi ya binti yangu mkubwa, nikaenda kwa kinyozi wa mtaani anipunguzie ncha tu. Jamaa alikuwa anapiga muziki wa kutetemesha vioo, huku anacheza na mashine mkononi.

Nikahisi baridi juu ya mdomo.

"Kijana, umenifanya nini?"

"Pole mzee, biti limenichukua." Akanigeuzia kioo. "Ila umefanana na shangazi yangu!"

Benchi zima likaangua kicheko.

Siku ya harusi, mkwe wangu alinikuta mlangoni akaniuliza baba wa bibi harusi yuko wapi.

Nikajiapiza: benchi lile nitalifanya likae tupu, mpaka buibui wapange.

Mimi ni fundi redio mstaafu, mtaani wananiita Daktari wa Redio. Na binti yangu mdogo ni muuguzi. Akitoka zamu husikiliza muziki wa ajabu. Hauna ngoma, hauna mwimbaji, hujui umeanzia wapi. Sauti inatanda tu polepole, kama mvuke wa sufuria iliyosahaulika jikoni.

Nikasema, silaha ndiyo hii. Nani atanyolewa mahali panapoboa hivi?

Adhuhuri kinyozi huenda kuteka maji, robo saa nzima. Nikajipenyeza, nikafungua spika lake, nikachomeka kadi yenye muziki ule, nikakata nyaya za vitufe. Likawa halijui kuimba kingine.

"Lina shetani!" alipiga kelele aliporudi.

Mimi niko ng'ambo ya barabara, nacheka mpaka chai inanitokea puani.

Siku ya kwanza wateja walilalamika. Ya pili wakanyamaza. Ya tatu wakaanza kuja hata wenye vipara.

Nikaingiwa na wasiwasi. Nikaenda kujionea.

Sauti ikanipokea mlangoni, mabega yakashuka yenyewe. Kwenye kona fundi muashi alikuwa anakoroma kama trekta. Yule bwana hakuwa amepata usingizi wa maana tangu amzike mkewe. Watu walikuwa wanamruka miguu kimyakimya, wasimwamshe.

Nikakaa. Kidogo tu, nipange hujuma nyingine.

Nikaja kuamshwa saa tisa alasiri. Kinyozi kanisimamia, spika liko wazi mikononi.

"Mzee, nimelifungua nijue ni aina gani, nikanunue la pili. Hebu nisomee hapa."

Ndani, kwa wino mwekundu: "Daktari wa Redio." Tarehe. Sahihi.

Jamani! Miaka arobaini, kila nilichokifungua nilikitia sahihi kabla ya kukifunga, mteja asije akanisingizia kazi ya fundi mwingine. Mkono ukizoea umezoea. Nilifanya hujuma, nikaisaini!

"Ulikuja kuniharibia kazi, siyo?"

"Kijana, ile ilikuwa... huduma."

"Huduma gani ya kukata nyaya?"

Nikagusa tu juu ya mdomo. Akatazama, akaelewa, akacheka mpaka akashika kiti.

"Basi mzee, hukumu yako hii: kila asubuhi uko hapa. Nikimaliza kunyoa, wewe unawaamsha. Na mate unafuta wewe."

Huu ni mwezi wa pili, kitambaa kiko begani. Fundi muashi namwachia nusu saa zaidi, kinyozi akigeuka. Wengine nawabana pua.

Mnaopanga visasi, nisikilizeni mimi. Adui yako mpelekee kitu kibaya, kitamu kitamnenepesha.

Na kama mkono wako una mazoea, uache nyumbani.