Lori Tupu la Belobaka

Sikwenda Madagaska kutembea. Nilikwenda kwa sababu mume wa dada yangu, dereva wa lori, aligongana uso kwa uso na gari dogo nje ya mji wa Mahajanga, na kwa kuwa katika ukoo wetu mwalimu wa sayansi ni mimi, kila kinachogongana duniani huwa changu. Wenyeji walikuwa wamepata uhuru wao juzijuzi tu. Barua ya dada ilinikuta Tanga siku ya pili ya likizo, pamoja na nakala ya maelezo ya askari. Shemeji yangu Mmadi alisema lori lilikuwa tupu, naye akienda kilomita thelathini kwa saa. Lakini gari dogo lilisukumwa kinyumenyume hatua kumi na nane, na mwenye gari akavunjika mguu. Mmadi akishindwa kesi, ni jela, na leseni aisahau.

Melini nilipiga hesabu mara tatu. Unachukua uzito mara mwendo wa huyu, na uzito mara mwendo wa yule. Wakikutana, mwenye jibu kubwa humsukuma mwenziwe. Mara zote tatu jibu lilikuwa moja: lori tupu halisukumi gari lile hatua kumi na nane kwa mwendo wa thelathini. Lazima lilikaribia hamsini. Yaani nilikuwa natapika baharini kwa ajili ya kwenda kumtetea mwongo.

Kisiwani Nosy Be nilishuka asubuhi. Dada yangu Zaina alikuwa kwa mama mkwe wake, alikokwenda kujifungua baada ya mimba mbili kuharibika. Mtoto alikuwa ametimiza siku hamsini, mnene, mashallah. Nikamwambia Zaina wazi kwamba hesabu zinamkataa mumewe. Alikuwa akigeuza samaki kikaangoni. Akauliza:

"Kaka, na kama lori lingekuwa na mzigo?"

"Lingekuwa na mzigo lingemuua yule bwana," nikajibu kwa sauti yangu ya darasani. "Mshukuru Mungu lilikuwa tupu."

Hakuuliza tena. Akanipakulia kipande kikubwa kuliko cha mtu yeyote. Nikakaa siku mbili, nikila na kumlaumu Mmadi.

Kutoka Ankify, bandari ya bara nilikovushwa kwa mashua ya injini, basi lilikula siku tatu za vumbi. Katika kila kivuko dereva alishuka kusalimia watu, "Mbalatsara!", na hakuna aliyesalimiwa mara moja ikatosha. Mimi nahesabu siku za kesi, yeye anauliza habari za ng'ombe wa watu!

Mahajanga Mmadi alinipokea kwa adabu zote. Alisema Kingazija chake, nami Kiswahili changu, tukaelewana.

"Mwendo thelathini, shemeji. Wallahi."

"Na lori tupu?"

"Tupu," alisema, akitazama viatu vyake.

Kesho yake saa mbili asubuhi nilikwenda Belobaka, pale ajali ilipotokea, kupima mwenyewe. Sikuanza hata kupima. Palepale walipogongana nilijikwaa, ukucha ukang'oka, nikatukana kwa lugha ambayo kwa bahati njema wapita njia hawaijui. Nilidhani ni jiwe. Ilikuwa saruji, imeganda kandokando ya barabara, na mikunjo ya mfuko bado inaonekana juu yake.

Jirani na hapo msikiti ulikuwa ukijengwa. Nikamuuliza msimamizi wake, Mzee Abdu, Mngazija kama Mmadi, saruji ile imetoka wapi.

"Ile ya lori," alisema, kisha akajishika mdomo.

Nilimbana mpaka akasema. Lori lilibeba mifuko themanini ya saruji ya msikiti. Majeruhi alipokwisha kupelekwa hospitali, Mmadi aliwasihi waumini waishushe kabla askari hawajafika, maana wangeuliza ni ya nani, nayo ilikuwa sadaka na mtoaji hakutaka kujulikana. Wakaibeba mabegani. Mfuko mmoja ulikuwa umepasuka, wakauacha, na manyunyu yakaugandisha.

Nikakaa chini na kupiga hesabu upya, safari hii na mzigo. Jibu: thelathini. Mmadi alisema kweli juu ya mwendo na uongo juu ya mzigo, na uongo huo ndio uliokuwa ukimpeleka jela.

"Mficha uchi hazai, shemeji!" nilimfokea Mmadi niliporudi mjini. "Kwa nini hukusema?"

"Sadaka si yangu. Mtoaji alitaka mkono wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini."

"Basi mkono huo wa kushoto utakupelekea chakula jela!"

Mahakamani niliweka kipande cha saruji mezani kwa hakimu. Mzee Abdu akatoa ushahidi. Mmadi alipoulizwa kama lori lilikuwa na mzigo, alinitazama kwa uchungu, halafu akasema, "Ewa." Mhandisi wa barabara akapiga hesabu zilezile, akapata jibu lilelile. Mmadi aliachiwa, baada ya kukaripiwa vikali kwa kumdanganya askari.

Nikarudi Nosy Be, kidole kimefungwa kitambaa. Zaina hakunipa hata maji kwanza.

"Umelitaja jina la mtoaji?"

"Sikulijua. Mumeo hakulitoa."

Akashusha pumzi na kumkumbatia mtoto. Hapo ndipo nilipoelewa ile saruji ilikuwa nadhiri ya nani, na kwa ajili ya mtoto gani.

"Zaina! Siku mbili namwita mumeo mwongo, nawe unanipakulia samaki?"

"Nilikuuliza, kaka. Ukaniambia mzigo ungemuua mtu. Nikaona nikisema, nitamfunga mume wangu kwa mdomo wangu."

Jibu nililompa lingekuwa sawa kama mwendo tungekuwa tunaujua, na mwendo ndio tuliokuwa tukiutafuta. Yeye aliuliza uzito, jambo la kwanza katika hesabu ile, nami niliuokota kwenye karatasi ya askari.

Nimerudi Tanga, nafundisha hesabu zilezile. Lakini mwanafunzi akinyoosha mkono na kuanza, "Mwalimu, na kama...", naweka chaki chini.